Ndezi Aliyetumwa kwa Mkwe

Lukwor, Kitgum
19 Januari 2010

Mkwe wangu Wasswa,

"Mtu anayekula nyama ya porini katika karne hii ni mtu aliyeshindwa kufuga."

Maneno hayo si yangu. Ni ya yule bwana wa ukurasa wa sita katika gazeti ulilofungia sukari yangu ya Krismasi. Nililinyoosha gazeti lile juu ya goti, nikalisoma mara mbili, kisha nikatafuta kalamu kabla hata ya kuionja sukari.

Tumeshindwa kufuga! Marehemu mume wangu alikuwa na ng'ombe arobaini, na mbuzi ambao hakuna aliyejisumbua kuwahesabu. Wote walichukuliwa na watu wenye bunduki katika msimu mmoja. Kisha tukasukumwa kambini, miaka kumi na moja, tukapimiwa maharage ya msaada na unga wa njano kwa kikombe. Vibanda vilibanana hivi kwamba jirani akipiga chafya wewe ndiye unayeambiwa afya. Tungefuga nini pale? Chawa?

Na bwana huyo anadhani nyama ya porini huokotwa tu. Wiki iliyopita tumechoma nyasi za upande wa mto kwa mara ya kwanza tangu tulipoondoka. Ardhi ile ni ya mume wangu, kwa hiyo ruhusa niliitoa mimi, na mguu wa nyuma wa kila mnyama anayenaswa pale ni haki yangu. Nusu ya wanaume hawakujua hata kufunga wavu. Wamekulia kambini, wangejulia wapi? Nikawafundisha mimi, mwanamke wa miaka hamsini na sita, nimeketi kivulini, kwa matusi. Wakanasa ndezi kumi na wawili, wanene, waliokuwa wanamaliza mtama wetu shambani. Wazee walilia, Wasswa. Watu wazima wanalia kwa sababu ya ndezi.

Sasa nisikilize, maana hili halimo gazetini. Ndezi huchomwa manyoya kwa moto wa nyasi kavu, si wa kuni, kwani kuni huunguza ngozi kabla manyoya hayajaisha. Hukwanguliwa kwa kisu mpaka awe mweupe kama kiganja. Kisha moshi, siku mbili, moto wa kunong'ona. Siku ya kupika unamchemsha taratibu, na ufuta na karanga zilizosagwa kwenye jiwe unaviweka mwisho kabisa. Usikoroge kwa pupa. Ukikoroga kwa pupa mafuta yanajitenga na umeharibu kila kitu.

Dereva wa basi atakupa gunia. Ndani mna miguu mitatu, mgongo mmoja, na kopo la ufuta.

Nakuambia kwa nini. Mwaka 2003, utumbo wangu ulipojisokota na daktari wa kambi akasema niombe tu, wewe ulikodi gari ukaja kunichukua katika barabara ambayo siku ile ile magari mawili yalikuwa yamechomwa. Nililala nyuma kwenye godoro, wewe ulikaa mbele na dereva, na kwa kuwa wewe ni mkwe na mimi ni mama mkwe, kilomita zote zile hatukutazamana. Sikukushukuru. Kambini sikuwa na kitu changu cha kukupikia, na asante ya maharage ya msaada si asante. Nimengoja miaka saba nipate chakula ambacho ni changu.

Hiki hapa. Ukishakula, niandikie ladha yake. Simu usinipigie. Mtandao wa hapa uko juu ya kichuguu, na siwezi kupanda kichuguu ili nisikie "halo, halo".

Mama yako,
Kolastika Abalo


Kyengera
3 Februari 2010

Mama Mkwe mheshimiwa,

Gunia limefika salama. Asante sana, Mama. Asante tena na tena.

Nyama ilikuwa nzuri mno. Ilikuwa laini kama samaki. Niliimaliza yote, hata mchuzi.

Kuhusu mwaka 2003, usiseme hivyo. Mtoto yeyote angefanya vile.

Lamwaka hajambo. Daktari anasema mtoto anakaa vizuri, na atazaliwa mwanzoni mwa Juni.

Ni mimi mwanao,
Ponsiano Wasswa


Kyengera
3 Februari 2010

Kato pacha wangu,

Nimetoka sasa hivi kumwandikia mama mkwe uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema, na wino wake bado haujakauka. Nisaidie.

Juzi Lamwaka alifungua gunia kutoka kwao. Akatoa kitu cheusi kilichokaushwa kwa moshi, akakinusa, akapiga kelele ya furaha kama amemwona mtu aliyefufuka. "Ndezi! Wasswa, ni ndezi!" Kisha akanitazama, akaziba mdomo.

Ndiyo. Mimi, mtu wa ukoo wa Ndezi, niliyefundishwa pamoja nawe kutomla mnyama wa ukoo, nimetumiwa ndezi, miguu mitatu na mgongo, na mama mkwe wangu, kama shukrani.

Nikamuuliza Lamwaka, "Hukuwahi kumwambia mama yako ukoo wangu?"

"Ningemwambia lini? Na kwa sababu gani? Kambini kulikuwa na ndezi?"

Ni kweli. Siku nilipokwenda kujitambulisha kwao na kutaja ukoo wetu mbele ya watu, ile sherehe tuliifanyia Kampala kwa mjomba wake, kwa sababu ya vita. Mama mkwe hakuweza kuja. Na alipokaa kwetu wiki mbili baada ya hospitali, mimi nilikula sebuleni na yeye jikoni, kama adabu inavyotaka. Angejuaje ninachokula na nisichokula?

Kuna jingine, nalo usimwambie mtu. Nilimwambia Lamwaka ampe jirani nyama ile. Jioni nilipokwenda nyuma ya nyumba kutafuta jembe, nikamkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anakula. Machozi yanamtiririka na anatafuna. Hakuniona. Nilijua ana mtoto wetu tumboni, baada ya miaka minane ya kungoja. Nilijua Shangazi Efulansi angesema nini. Kato, nilirudi ndani bila kukohoa. Sijawahi kumwona anakula vile tangu nimuoe.

Nifanye nini?

Wasswa


Masaka, Duka la Nyama
10 Februari 2010

Wasswa,

Nimecheka mpaka mteja akadhani nimemuibia kwenye mizani. Umetumiwa babu yako ndani ya gunia, amekaushwa vizuri, pamoja na ufuta wa kumpakia!

Na wewe ukaandika "laini kama samaki". Mimi ni mchinjaji miaka kumi na tano. Hakuna mnyama wa miguu minne aliyewahi kuwa laini kama samaki. Yule mama ni mwalimu. Amesahihisha uongo wa watoto maisha yake yote. Utakamatwa.

Sasa bila mzaha. Mwambie leo. Umemsifia nyama, kwa hiyo atatuma nyingine, na nyingine, na Juni atakuja kupokea mtoto akiwa na sufuria. Siku hiyo Shangazi Efulansi atakuwa hapo hapo kumwogesha mtoto wa ukoo. Mama mkwe atapakua kwa furaha, Shangazi ataonja, na kitakachofuata utakisikia mpaka huku Masaka. Na lawama haitakuwa yako wala ya yule mama. Itakuwa ya mkeo: alijua, akanyamaza. Watakumbusha ile miaka minane yote, mmoja mmoja.

Halafu usinidanganye kwamba unaogopa kumuudhi. Unaogopa kumnyang'anya kitu pekee alichonacho cha kukupa. Hilo naliheshimu. Lakini mwambie.

Kato


Kyengera
14 Februari 2010

Mama,

Asante kwa mzigo. Nimekuwa mvivu wa kuandika, miguu inavimba.

Mama, naomba usitume nyama nyingine. Si kwamba ni mbaya. Ni hali tu ya huku. Nyumba zimekaribiana, na harufu ya moshi inaingia kwa watu. Ukitaka kutuma kitu, ufuta peke yake unatosha.

Nakuombea afya.

Mwanao,
Lamwaka


Lukwor
27 Februari 2010

Lamwaka,

"Harufu ya moshi inaingia kwa watu."

Nimekaa na sentensi hiyo siku tatu. Nikajiuliza nimemzaa nani.

Mumeo, Mganda, ambaye hakuzaliwa na nyama hii, amekula akamaliza hata mchuzi. Amesema laini kama samaki, jambo ambalo ni ujinga, lakini ujinga wa mtu aliyefurahi nausamehe. Wewe, uliyeota meno ukitafuna mfupa wa ndezi, unaona haya mbele ya majirani! Ni harufu ya nini wanayoiogopa? Si ni hao hao wanaokaanga samaki wa juzi kwa mafuta ya mwaka jana?

Nilidhani vita vimetuchukulia ng'ombe tu. Kumbe na wewe. Yule bwana wa gazeti hana haja ya kubishana nami tena, amekwisha kunishinda ndani ya nyumba yangu.

Sitakusikiliza. Natuma mzigo wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza, na safari hii nimeupika kabisa, nimeukausha mchuzi mpaka umeshikana na nyama, mtie maji kidogo tu mpashe moto. Ni wa Wasswa. Wewe kula harufu ya majirani.

Na Juni nitakuja mwenyewe. Nitapika jikoni kwako, mtu mwingine atampelekea Wasswa sebuleni, na nitasikia kwa masikio yangu akimaliza sahani. Hilo tu ndilo ninalolitaka kabla sijafa, na si kubwa.

Mama yako,
Kolastika Abalo


Kyengera
15 Machi 2010

Mama Mkwe,

Nimeichana barua hii mara nne. Hii ya tano itakuja jinsi ilivyo.

Lamwaka haoni haya kwa ajili yenu. Alikuwa ananificha mimi. Mimi ni mtu wa ukoo wa Ndezi. Kwetu, mnyama huyo ni wa ukoo, hatumli, hatumuui, na mtoto aliyeko tumboni mwa Lamwaka atakuwa wa ukoo huo huo. Sikula nyama yako. Nilikudanganya.

Mzigo wa kwanza aliula Lamwaka, wote, peke yake, nyuma ya nyumba, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilimwona jioni ile, nikarudi ndani bila kukohoa. Sikumkataza. Kama kuna kosa katika kula huko, ni langu, na wazee wa ukoo wakitaka mtu wa kumkemea nitasimama mimi.

Mzigo wa pili ni habari mbaya zaidi. Ulifika asubuhi, na Lamwaka alikuwa akiupasha moto apeleke kwa jirani. Shangazi yangu Efulansi akaingia bila kubisha hodi, kama kawaida yake. Akasimama jikoni, akavuta pumzi.

"Mnapika nini kizuri hivi?"

Lamwaka akasema, "Karanga, Shangazi."

"Karanga za wapi zinazonukia hivi? Nipe kijiko."

"Bado hazijaiva."

"Mimi nimekula karanga mbichi tangu mama yako hajazaliwa. Nipe kijiko, mtoto."

Akakichukua mwenyewe. Akakichovya. Mama, niliruka kutoka mlangoni, nikajifanya nimejikwaa kwenye kuni, nikaipiga sufuria kwa mkono. Nyama yote ikamwagika nje ya mlango, uwanjani. Nimeungua mpaka kwenye kiwiko. Shangazi akanitazama akasema, "Tangu lini umekuwa mlevi saa nne asubuhi?" Kisha mbwa wa mtaa wakaja. Wanne. Walimaliza kabla sijasimama.

Najua uliingoja nyama ile miaka kumi na moja. Najua ulinipikia kwa ajili ya ile barabara. Nami nimewalisha mbwa.

Kato, pacha wangu, aliniambia tangu Februari nikuambie. Alisema naogopa kukunyang'anya kitu pekee ulichokuwa nacho cha kunipa. Alisema kweli. Lakini sasa nimekunyang'anya mara mbili.

Ukitaka Lamwaka aje ajifungulie kwenu, sitamzuia.

Ponsiano Wasswa


Kyengera
20 Aprili 2010

Mama,

Ni wiki ya tano. Dereva wa basi anasema barua alikupa mkononi, na kwamba uliisoma ukiwa umesimama hapo hapo kituoni, ukaikunja, ukaondoka bila kumuaga.

Wasswa kila jioni anamwuliza dereva. Mkono wake umepona. Yeye hajapona.

Ni mimi niliyepaswa kukuambia. Siku ile nilipoonja, nilikumbuka wewe na Baba na mto, na sikutaka kuwa mke wa ukoo wa mtu yeyote kwa dakika ishirini. Nilikuwa wa kwetu tu. Kama kuna wa kukasirikiwa, ni mimi.

Tukane, lakini andika.

Lamwaka


Lukwor
3 Mei 2010

Wasswa mkwe wangu, Lamwaka mwanangu, na wewe Kato ambaye hatujaonana lakini nimeanza kukupenda,

Lamwaka anadhani nimekasirika. Nilikasirika. Siku mbili za kwanza nilimkasirikia Wasswa kwa ajili ya wale mbwa. Siku ya tatu nikamkasirikia kwa "laini kama samaki". Mimi nimesahihisha uongo wa watoto miaka thelathini. Ningeutambua pale pale, kama nisingekuwa nautamani sana uwe kweli.

Kisha hasira ikakosa mahali pa kukaa, ikanirudia mwenyewe.

Nilimwandikia Wasswa kurasa nzima kumtukana bwana wa gazeti anayehukumu sahani za watu asiowajua. Nikamaliza, nikalamba bahasha, nikamlisha mtu ambaye kwa miaka minane sijawahi kumuuliza swali dogo kabisa: wewe ni wa nani? Nilijua kazi yake, nilijua dini yake, nilijua anakunywa chai bila maziwa. Hilo sikuuliza.

Siku uliposimama mbele ya watu ukataja ukoo wako, na baba yako, na babu yako, mimi nilikuwa kwenye foleni ya maharage. Wengine wote walisikia. Nilijua nimeibiwa ng'ombe, mbuzi, mume, na nyumba. Hili sikujua kwamba nalo limeibiwa. Kwa hiyo wiki hizi saba sikuwa nanuna. Nilikuwa naomboleza siku ambayo sikuwepo, na maombolezo ya Kiacholi hayaandikwi barua katikati yake.

Mwezi uliopita wanaume waliniletea mguu wangu, haki yangu ya ardhi. Nilikaa nao mbele yangu. Niliunusa. Kisha nikaupeleka kwa wajane wa upande wa pili wa mto, na nimewaambia wanaume kuanzia sasa mguu wa ndezi wa ardhi ile uende huko moja kwa moja.

Msinielewe vibaya. Siamini kwamba ndezi ni ndugu wa mtu. Nitabishana na ukoo wenu mzima juu ya jambo hilo, waje na wazee wao, waje na Shangazi Efulansi na kijiko chake. Lakini mwezi ujao nitapakata mtoto wa ukoo huo, na siku moja, akiwa na miaka minne au mitano na maswali yasiyo na aibu, ataniuliza, "Bibi, wewe unatula sisi?" Nataka nimjibu bila kutafuta maneno.

Ladha ile niliiota miaka kumi na moja. Nimeipata msimu mmoja. Na mwanangu naye ameipata, kwenye ndoo iliyopinduliwa, dakika ishirini. Inatosha.

Ndiyo maana nakushukuru, Wasswa, na safari hii kwa maneno matupu kwa kuwa nyama imenishinda. Asante kwa kukodi gari. Asante kwa kutogeuka kunitazama nilipokuwa nalia nyuma kwa maumivu, nilijua unasikia. Lakini zaidi ya hayo, asante kwa jioni ile ulipomkuta mke wako anakula mnyama wa ukoo wako, akiwa na mtoto wa ukoo wako, ukarudi ndani bila kukohoa. Watu wengi wangeweza kunipitisha kwenye barabara ya risasi. Hilo la pili, sijui ni wangapi wangeliweza. Na kuungua mkono ili mke asiaibike mbele ya shangazi! Mbwa wale wamekula karamu ya heshima kubwa kuliko zote nilizowahi kupika, na ninawatakia shibe njema.

Lamwaka, nilikutukana kwa kosa ambalo hukulifanya. Nafuta kila neno, isipokuwa lile la majirani na samaki wao.

Sasa kazi. Ninapanda basi la Ijumaa, tarehe ishirini na nane. Juu ya moto wangu kuna kanga wawili na paa mmoja, na ndani ya mtungi kuna kumbikumbi waliokaangwa. Gunia liko wazi na sitalifunga. Wasswa na Kato, nasema na ninyi wawili, si na Lamwaka: kaeni chini mniandikie kila msichokula. Cha ukoo wenu. Cha ukoo wa mama yenu, maana nimeulizia, na najua sasa kwamba nao mnauheshimu. Kinachowaumiza tumbo. Msichokipenda tu, bila sababu yoyote. Na mniandikie vilevile anachokipenda Shangazi Efulansi, maana nataka apakuliwe kwa mkono wangu.

Msiniletee "tunakula chochote, Mama". Hamli kila kitu. Andikeni majina yote, na barua iwe mkononi mwa dereva kabla ya tarehe ishirini.

Mama yenu,
Kolastika Abalo